Ploti ya kaka kwa jina la dada: kisa cha uchunguzi wa mwombaji kazi serikalini

Kisa hiki kinamhusu mwombaji mmoja wa kazi ya umma jijini Nairobi. Jina lake, taasisi aliyoomba, na kaunti wanakoishi wazazi wake nimeviondoa, na viwango vya pesa nimevikadiria tu. Nitamwita Bi. W. Ameyasoma maandishi haya na kukubali yatumike kufundishia. Kazi yangu ni kuwasaidia waombaji kupanga makaratasi yao wakati wa uchunguzi. Sikuwa upande wa taasisi, kwa hiyo yaliyotokea ndani ya ofisi zao nayajua kwa kadiri alivyoelezwa yeye.

Usuli

Bi. W. ana umri wa miaka thelathini na ushei. Alikuwa mtaalamu wa mifumo ya kompyuta katika kampuni binafsi Upper Hill, akiishi Donholm na mtoto wake mmoja. Mwaka 2023 aliitwa kwenye mahojiano na taasisi ya serikali inayotunza kumbukumbu za wananchi, kwa nafasi ya msimamizi wa hifadhidata. Mwenye nafasi hiyo anaweza kufungua rekodi ya mtu yeyote nchini bila kumwomba mtu ruhusa.

Kila anayetafuta kazi ya umma Kenya anavijua vyeti vitano: cha ushuru kutoka KRA, cha HELB kuhusu mkopo wa chuo, cha maadili mema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai) baada ya kuchukuliwa alama za vidole, cha CRB (ofisi ya kumbukumbu za mikopo) kuhusu historia ya mikopo, na fomu ya kujieleza ya EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Watu wengi hudhani ukishavikusanya hivyo umemaliza. Kwa nafasi nyingi ndivyo ilivyo. Kwa nafasi za siri kuna hatua nyingine: fomu ndefu ya historia binafsi, kuzungumza na wadhamini na majirani, na uchunguzi wa usalama, ambao Sheria ya Idara ya Kitaifa ya Ujasusi ya 2012 inautambua kuwa sehemu ya kazi ya idara hiyo. Bi. W. aliangukia kundi hili la pili.

Alikuwa na madeni matatu. La kwanza ni la HELB. Alikuwa akilipa vizuri mpaka 2020, kampuni aliyoifanyia kazi ilipopunguza wafanyakazi wakati wa korona. Alikaa bila kulipa karibu miaka miwili. Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka, na si riba inayomwangusha mtu. Kinachomwangusha ni faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi usiolipa. Kwa salio kama lake, faini ya miezi miwili ilizidi riba ya mwaka mzima. La pili ni mkopo wa simu wa shilingi elfu chache aliokopa katika msimu huohuo wa njaa, akabadilisha laini na kuusahau. La tatu hakulihesabu kuwa deni kabisa: alikuwa amemdhamini mwenzake wa kazini kwa mkopo wa sacco (chama cha ushirika cha akiba na mikopo), na mwenzake huyo alikuwa ameacha kazi na kuacha kulipa.

Kisha kuna kaka yake. Alikwenda Marekani kwa bahati nasibu ya grini kadi, akajiunga na jeshi la nchi kavu, na kupitia utumishi huo akawa raia wa huko. Mwaka 2018 alinunua ploti upande wa barabara ya Kangundo. Hangeweza kuja kutia sahihi, akamwambia dada yake, "Weka jina lako kwanza, tutabadilisha nikija." Hakuja kukaa. Hatimiliki ikabaki kwa jina la Bi. W., na tangu mjengo uanze pesa za mawe, saruji na fundi zilikuwa zikipita kwenye akaunti yake kila mwezi, mara nyingi nyingi kuliko mshahara wake.

Mpangilio wa aina hii ni wa kawaida Nairobi kiasi kwamba familia hazioni kuwa kuna jambo. Tembea Ruai, Kitengela au Joska uulize nyumba ambazo hazijamalizika ni za nani. Utajibiwa "za kijana aliye majuu", na ukienda kwenye sajili ya ardhi utakuta jina la dada, mama au shemeji.

Fomu ya kwanza

Kwenye fomu ya historia binafsi, Bi. W. alijaza hivi. Madeni: HELB tu. Mali: hakuna ardhi. Jamaa wa karibu wanaoishi nje ya nchi au wenye uraia wa nchi nyingine: hakuna.

Nilimuuliza baadaye alifikiri nini. Kuhusu ardhi alisema, kwa dhati kabisa, kwamba si yake. Kuhusu kaka, alikuwa amesoma maelezo ya fomu ya kutangaza mali chini ya Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, iliyokuwa ikitumika wakati ule, ambayo inahusu afisa mwenyewe, mume au mke, na watoto wa chini ya miaka 18. Akachukua maana hiyo na kuihamishia kwenye fomu nyingine isiyokuwa na maana hiyo. Kisha akaongeza jambo ambalo naamini ndilo lililomwongoza kalamu: "Niliogopa wakisikia jeshi la Marekani nitakuwa nimekwisha." Mkopo wa simu alikuwa ameusahau. Wa sacco, alisema, ni wa mwenzake.

Kwa hiyo katika majibu manne yenye kasoro, moja lilitokana na kusahau, mawili na kutoelewa, na moja na woga. Anayechunguza haoni tofauti hiyo. Anachoona ni majibu manne yasiyolingana na ukweli, na yote yameelekea upande mmoja, ule unaomfaa mwombaji.

Yaliyofuata

Ripoti ya CRB ilikuja na mkopo wa simu pamoja na udhamini. Taasisi ikaomba taarifa za benki na za M-Pesa za miezi sita. Hapo ndipo pesa za ujenzi zilipoonekana: fungu kubwa linaingia kutoka nje, na ndani ya siku mbili tatu linatoka kwenda duka la vifaa vya ujenzi na kwa mtu aliyehifadhiwa kwenye simu kwa jina "Fundi". Kwa macho ya mgeni, huyo ni mtumishi mwenye mshahara wa kawaida anayeshikilia pesa nyingi za kigeni asizozitaja, anajenga nyumba asiyoitangaza, huku hawezi kulipa mkopo wa shilingi elfu chache. Ungekuwa wewe unachunguza ungeandika nini?

Wakati huohuo wachunguzi walifika nyumbani kwa wazazi kupitia kwa chifu. Mama yake aliwapokea vizuri, akawapikia chai, na walipouliza kuhusu watoto wake akaingia chumbani na kutoka na picha ya kijana wake akiwa amevaa sare za jeshi la Marekani. Jioni akampigia simu binti yake: "Mwanangu, wamekuja watu wazuri sana wa kazi yako. Nimewaonyesha mpaka picha ya kaka yako."

Wiki iliyofuata ilikuja barua: aeleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kuhusu jamaa aliye nje, chanzo cha pesa, ardhi iliyosajiliwa kwa jina lake, na mikopo miwili isiyotajwa. Hapo ndipo alipokuja kwangu.

Maamuzi na sababu zake

Swali lake la kwanza lilikuwa kama achukue mkopo wa sacco alipe madeni yote kabla ya kujibu. Nilimshauri asifanye hivyo. Deni jipya lililochukuliwa wiki ya kujibu barua lingeonekana kwenye ripoti hiyohiyo ya CRB, na lisingebadilisha kwamba hakulitaja la zamani. Pia sheria ya kazi haimruhusu mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili ya mshahara, na yeye tayari alikuwa anaukaribia mpaka huo. Badala yake alilipa mkopo wa simu wote, maana ulikuwa mdogo, akaenda HELB kule Anniversary Towers kukubaliana kiwango cha kila mwezi. Watu wengi hawajui kwamba HELB hutoa cheti kwa anayeendelea kulipa, si kwa aliyemaliza tu. Kuwa na deni si kosa. Sheria ile ya 2003 ilimtaka afisa asipuuze wajibu wake wa kifedha, na mtu anayelipa kwa makubaliano yaliyoandikwa hajapuuza.

Udhamini ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa mdaiwa mwenyewe hakupatikana. Aliomba sacco barua inayoonyesha salio, wadhamini wenzake ni wangapi, na fungu lake ni kiasi gani. Hakulipa chochote wakati ule. Alichotaka ni karatasi inayosema deni ni la nani na yeye yuko wapi ndani yake.

Uamuzi wa pili ulihusu ploti. Kaka yake, kwa hasira za kumlinda dada, alitaka ihamishwe mara moja kwa jina la mama. Hilo lingekuwa kosa baya kuliko yote. Kuhamisha mali katikati ya uchunguzi unaouliza kuhusu mali hiyo hiyo ni sawa na kufagia nyumba askari wakiwa mlangoni. Walichofanya ni kwenda kwa wakili na kuandika tamko kwamba Bi. W. anaishikilia ardhi kwa niaba ya kaka yake. Kaka naye akaapa hati huko aliko kuthibitisha kuwa alilipa yeye, na zikaambatishwa stakabadhi za 2018 zinazoonyesha pesa zilitoka kwake.

Uamuzi wa tatu ndio uliotuchukua muda mrefu, na ndio ninaoona una mafunzo mengi. Kaka alipopigiwa simu alicheka. "Dadangu, mimi hiyo ploti niliiandika kwenye fomu zangu zamani. Na wewe nimekuandika." Askari wa Marekani anayehitaji kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushughulikia siri za serikali, hujaza fomu iitwayo SF-86. Fomu hiyo inauliza kuhusu ndugu wote wa karibu pamoja na dada na kaka, uraia wao, mahali wanapofanya kazi, na kama wana uhusiano na serikali ya nchi ya kigeni. Inauliza pia kuhusu mali iliyo nje ya Marekani, pamoja na ile ambayo mtu anaimiliki kwa kupitia jina la mwingine. Kwa hiyo ploti moja ya Kangundo ilikuwa imetangazwa Washington na ikafichwa Nairobi.

Bi. W. alitaka kuambatisha nakala ya fomu ya kaka yake kama ushahidi. Nilimkataza. Fomu ile ina maisha yote ya mtu: mahali alipoishi, watu anaowafahamu, wakubwa wake kazini. Kuipeleka kwenye ofisi ya serikali ya nchi nyingine, hasa ofisi inayoshirikiana na idara ya ujasusi, kungemtia kaka yake matatani kwa jambo ambalo hati ya kiapo ya ukurasa mmoja ingelitosheleza. Zaidi ya hapo, tangu Juni 2017 wenye vibali kule wana wajibu wa kuripoti mawasiliano fulani na watu wa nje na mabadiliko yanayogusa usalama. Dada akiajiriwa na taasisi ya serikali ya Kenya yenye kumbukumbu nyeti, jibu la kaka kuhusu dada nalo linabadilika. Tulimwambia azungumze na afisa wake wa usalama kabla dada hajatia sahihi barua yoyote ya ajira. Alifanya hivyo.

Mwisho, barua yenyewe. Aliandika kurasa mbili na nusu. Hakuanza na utetezi. Alitaja kila jambo ambalo halikuwemo kwenye fomu, yakiwemo mawili ambayo hawakuyauliza: kwamba kaka yake humsaidia pia karo ya mtoto, na kwamba kwenye simu yake ana Fuliza, mkopo wa muda mfupi wa M-Pesa, ambayo huitumia karibu kila mwezi. Kuhusu kaka aliandika waziwazi kwamba aliogopa. Mwanasheria wa familia alitaka sentensi hiyo iondolewe. Aliiacha.

Matokeo

Miezi ikapita kimya. Kisha taasisi ikampa kazi, lakini si ile aliyoiomba. Aliwekwa kwenye kitengo cha kuwasaidia watumiaji wa mifumo, asikoweza kufungua rekodi za wananchi, na akaambiwa suala la hifadhidata litaangaliwa tena baada ya kipindi cha majaribio. Barua haikutoa sababu. Afisa wa rasilimali watu alimweleza kwa mdomo kwamba madeni hayakuwa shida, na kaka hakuwa shida kubwa, "lakini fomu ya kwanza ipo kwenye faili, na haitoki."

Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki hurukia Katiba. Wanakumbuka mvutano wa 2019, Bi. Mwende Mwinzi, aliyezaliwa Marekani, alipoteuliwa kuwa balozi Korea Kusini na kamati ya Bunge ikataka aukane uraia wa Marekani, mpaka jambo likafika mahakamani. Lakini kifungu cha 78 kinamhusu afisa wa serikali mwenyewe mwenye uraia wa nchi mbili. Hakisemi lolote kuhusu kaka. Tena Bi. W. hakuwa anaomba nafasi ya afisa wa serikali kwa maana ya Katiba, kama waziri, mbunge au jaji. Alikuwa mtumishi wa umma wa kawaida. Hapakuwa na sheria iliyomzuia kwa sababu ya undugu wake. Woga uliomfanya aandike "hakuna" ulitokana na habari za magazeti zisizomhusu.

Swali halali kuhusu ndugu aliye nje ni hili: je, mtu huyo anaweza kutumiwa kukushinikiza, na je, unamtegemea kiasi gani? Miongozo ya Marekani ya vibali vya usalama inatenga kipengele kizima kwa ushawishi wa kigeni, na maswali yake ni ya namna hiyo. Haiifungi Nairobi, lakini inaonyesha namna wachunguzi wa nchi nyingi wanavyofikiri. Kwa Bi. W., jibu zuri lilikuwa kwamba kaka ana kazi inayojulikana na pesa zina safari inayofuatika kutoka akaunti yake mpaka kwa fundi. Jibu hilo lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Alilikalia.

Kwenye madeni, miongozo hiyohiyo inampa nafuu mtu aliyeyumba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, kama kupoteza kazi, endapo alitenda kwa busara baadaye na kulipa kwa nia njema. Bi. W. angeingia humo vizuri kwa upande wa HELB. Lakini miongozo inasema pia kwamba kusahihisha uongo au upungufu kunahesabika zaidi mtu anapofanya hivyo mapema, kabla ya kukabiliwa na ukweli. Yeye alisahihisha baada ya barua. Nadhani taasisi ilipima hivyohivyo, hata kama haina kitabu kinachosema hivyo: ilimwamini vya kutosha kumpa kazi, haikumwamini vya kutosha kumpa ufunguo. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa wa haki.

Lililofanya kazi vizuri ni karatasi za wahusika wengine. Neno la mwombaji peke yake halikuwa na uzito tena baada ya fomu ya kwanza. Barua ya sacco, cheti cha HELB, tamko la wakili na kiapo cha kaka ndivyo vilivyombeba. Na ile sentensi ya "niliogopa", iliyomkera mwanasheria, nina hakika ilisaidia. Majibu mengine yangeweza kuelezwa kwa kutoelewa. Lile la kaka halikuwa na maelezo mengine yoyote ya kuaminika, na afisa yeyote mwenye uzoefu angekuwa ameshaijua sababu kabla hajaisoma.

Taasisi nayo ina lake. Fomu iliyoandika "jamaa wa karibu" bila kusema ni nani inakaribisha majibu mabaya kutoka kwa watu wazuri. Kuongeza mabano yenye maneno "wazazi, kaka, dada, mume, mke, watoto" hakugharimu kitu. Siku saba za kujibu kuhusu ardhi na mtu aliye bara jingine ni chache mno. Na swali la mali lingeuliza waziwazi: mali iliyo kwa jina lako, hata kama ni ya mtu mwingine. Nairobi hilo si swali la pembeni. Huenda ndilo swali lenyewe.

Kwa waombaji, kabla ya kugusa fomu, chukua ripoti yako ya CRB. Sheria inakupa moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila ofisi ya kumbukumbu za mikopo. Kisha chapisha taarifa yako ya M-Pesa na ya benki, uisome kama mtu asiyekujua. Kila mstari unaokufanya useme "hiyo si yangu, ni ya fulani" unahitaji maelezo kwenye fomu, si kwenye barua ya pili.

Palipobaki

Alipoingia kazini, katika tangazo lake la kwanza la mali, ambalo sheria ya 2003 ilitaka litolewe ndani ya siku 30 za kuajiriwa, Bi. W. aliiandika ploti na kueleza kwamba anaishikilia kwa niaba ya kaka. Sheria hiyo imeshaondolewa na Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025, lakini wajibu wa kutangaza upo.

Kaka naye aligundua jambo lake. Tangu Katiba ya 2010, Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, kwa hiyo anaweza kumiliki ardhi yake bila kuwekewa mpaka wa kuikodi kwa miaka 99 unaowahusu wageni. Lakini sheria ya uraia ya 2011 inamtaka mwenye uraia wa nchi mbili kuutangaza ndani ya miezi mitatu, na yeye hakuwahi. Anashughulikia hilo kwanza ndipo ploti ihamishwe. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4 ya thamani, na sasa kuna nyumba juu yake. Nani atalipa, bado hawajaelewana.